Kujifunza kazi ya kompyuta usiku, mchana unajitafutia: maneno kwa vijana wa Goma

 

Waliniomba niseme namna kijana anaweza kuanza kazi ya kompyuta kwa kusomea kwenye intaneti, huku anaendelea kujitafutia. Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi siko mfano wa mtu aliyefaulu. Niko na lisansi ya uchumi, inalala nyumbani ndani ya farde, sasa miaka miwili. Mchana napiga mashini mu sekretariati moja ya Katindo: memwari za wanafunzi, fotokopi, barua za kuomba kazi. Hizo barua ndizo nyingi kuliko zote. Zingine ni zangu.

Nianze na ile inayonipa haya. Mtu mmoja alipitisha tangazo kwenye WhatsApp: masomo ya kompyuta miezi mitatu, cheti, na kazi ya hakika na watu wa Ulaya. Dola 120. Siku ile nilikuwa na dola 120 mkononi, lakini hazikuwa zangu. Ilikuwa minervali ya mdogo wangu, mama alinipa nipeleke shuleni. Nikajiambia nitarudisha mbele ya mwezi kuisha. Nilipokea video kumi na mbili, ambazo kisha nilizikuta YouTube bure. Halafu namba ikazimwa.

Mdogo wangu alifukuzwa shuleni majuma mawili. Mama akaniuliza: "Papa, zile franga ulishazipeleka?" Nikamjibu kwamba shule ndio walikosea kuandika. Basi mama akaenda mwenyewe, kwa miguu, kugombana na watu ambao hawakumkosea. Baadaye nilimwambia. Mdogo wangu yuko hapa leo, amekaa kule nyuma, na ni yeye alisema: kama utazungumza, zungumza yote.

Kwa hiyo ya kwanza: usilipe kitu ili uanze. freeCodeCamp iko tangu 2014, masomo yake ni ya bure na cheti pia ni bure. Masomo ya CS50 ya profesa David Malan, kule Harvard, Marekani, yanafuatwa bila kulipa. Kwa sisi wenye kusoma Kifaransa, OpenClassrooms iko na masomo mingi unaweza kusoma bure. Mtu akikuomba pesa na akakuhakikishia kazi juu yake, jua anauza ile ambayo hana.

Sasa saa. freeCodeCamp wenyewe walikuwa wanahesabu kama masaa 300 kwa cheti kimoja. Fanya hesabu kama mtu anayefanya kazi. Mimi napata saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa juma, sababu siku zingine narudi nimechoka sana ao umeme haiko. Hiyo inakuwa majuma 40. Si miezi mitatu, wandugu. Karibu mwaka mzima kwa cheti kimoja, na hakuna mtu anakupongeza katikati. Nyumbani wanaona tu kijana mwenye lisansi anachezea simu usiku.

Simu, ndiyo. Wengi mnafikiri bila mashini huwezi kuanza. Kuna programu inaitwa Termux, ya bure, unaiweka kwenye Android, ndani yake unaandika na kuendesha Python. Tafuta klavye ya zamani ya USB na kakamba ka OTG, unaandika kama mtu. Mega nazo zinaisha haraka kwenye video, kwa hiyo mimi nasoma maandishi. Video naitazama tu nikikwama. Wale wa Birere wanaoshika rezo ya ng'ambo wasinicheke.

Kizuizi kikubwa kwangu kilikuwa Kiingereza. Mashini ikikosea, inakuambia kosa kwa Kiingereza. Nilifungua daftari, kila neno jipya naandika na maana yake. Yalipofika kama mia moja, niliona ni yale yale yanarudi.

Halafu flashi. Kule sekretariati wateja wanaleta flashi zenye virusi kila siku. Moja ilikula kazi yangu ya miezi miwili. Ndipo nikajifunza Git, ambayo Linus Torvalds aliitengeneza 2005. Inakumbuka kila hatua uliyohifadhi, na inafanya kazi bila intaneti. Mega unazitumia tu siku ya kutuma nakala mbali. Jifunzeni mapema, musingoje kulia kama mimi.

Pesa je? Kazi yangu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja mwenye depo ya maharagi na mchele. Madeni yote yalikuwa ndani ya daftari. Nikamtengenezea programu ndogo: nani amechukua, nani amelipa, nini imebaki. Tulipatana dola 50 kwa mara mbili. Juma la kwanza hesabu zikaharibika. Mimi niliweka bei moja ya dola, nikaiacha pale. Lakini yeye anakopesha kwa dola, analipwa kwa franga, na bei ya dola inageuka. Mtu alilipa deni lote, programu ikasema bado. Yule mama alikuwa karibu kupoteza mteja juu yangu. Nikarudi, nikakaa mu depo siku mbili nikimuangalia namna anauza, kabla ya kugusa mashini. Sasa kila malipo yanaandikwa na bei ya siku ile. Ile nusu ya pili alinipa. Nilipeleka shuleni siku hiyo hiyo, na risiti nikampa mama.

Hiyo dola 50 siyo mshahara. Bado sina kazi. Na mtu asichukue maneno yangu kusema kwamba vijana wajitafutie kwenye simu, serkali ipumzike. Mnakumbuka tozo ya RAM: ilikuja 2020, watu walipiga kelele, ikaondolewa 2022. Kila franga inayoongezwa kwenye simu inakula masaa ya mtu anayesoma. Ile ya kudai tutaendelea kuidai.

Jumamosi, saa nane, niko mu sekretariati. Patron amekubali tutumie mashini mbili mpaka saa kumi na moja. Nilishapakua masomo ya kuanza, kwa hiyo hamtahitaji mega. Leteni simu na daftari. Flashi pia, lakini nitazipima zote mbele ya kuziingiza, hata ya rafiki yangu. Na mwenye kuwa na klavye anayoitupa, asiitupe.