Tarakimu Sita

Wahitimu, wanangu, hongereni sana.

Kuna mwanafunzi wangu aliyepotea darasani siku tatu. Nikadhani anaumwa. Kumbe alipigiwa simu na mtu aliyejifanya ofisa wa mikopo, akaombwa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Akazisoma. Punde WhatsApp yake ikawa mikononi mwa tapeli, anawaandikia shangazi zake na wenzake wa bwenini: nikwamue, jioni narudisha. Wanne walituma pesa. Yeye alikuwa amejifungia chumbani kwa aibu.

Jambo hili halijanitoka moyoni. Tuliwafundisha kuandika programu, hatukuwafundisha kusema "nimetapeliwa" bila kuinamisha kichwa. Angesema saa ileile, shangazi wa pili asingetuma. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, lakini polisi watafuatilia vipi kesi ambayo mwenyewe ameificha?

Tarakimu zile ni ufunguo wa nyumba yako. Hakuna ofisa wa kweli atakayekuomba umsomee. Wekeni PIN ya hatua ya pili kwenye WhatsApp leo hii. Neno la siri la barua pepe lisifanane na jingine lolote, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kubadilisha maneno ya siri ya akaunti zako nyingine. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiufute tu, upeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na sasa mnaanza kutafuta kazi: anayekudai ada ya usaili hana kazi ya kukupa.

Nawatazama wazazi waliokaa kule nyuma. Wengi walilipa ada zenu kwa simu, na simu hizohizo ndizo matapeli wanazozipigia. Ukifika nyumbani, kaa na mama, mpige *106# pamoja, mtazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkikuta namba asiyoijua, usimfokee, usimcheke. Mwulize taratibu ni siku gani wakala wa kusajili laini alimwambia kidole hakijasoma, aweke tena, kumbe anasajili laini nyingine.