Kulegeza Nyuzi za Gitaa



Mpigaji akitaka kujua gitaa la mwenziwe limelinganishwaje, huuliza tu, naye hujibiwa. Katika visiwa vya Hawaii haikuwa hivyo zamani. Huko mlingano wa nyuzi ulikuwa mali ya ukoo. Husimuliwa kwamba wako waliozivuruga nyuzi kabla ya kuliweka gitaa chini, mgeni asije akaiba siri.

Magitaa yalifika huko miaka ya 1830, pamoja na wachunga ng'ombe kutoka California, iliyokuwa wakati ule nchi ya Mexico. Waliitwa kuwafundisha wenyeji kuwakamata ng'ombe waliozaana porini, uzao wa wale ambao nahodha Vancouver alimpa mfalme Kamehameha mwaka 1793. Wenyeji wakayatwaa magitaa hayo, wakalegeza nyuzi kwa kadiri ya nyimbo zao. Ndiyo mtindo uitwao kī hōʻalu.

Gitaa la kawaida, tukianza na uzi ulio mnene, hulia E, A, D, G, B, E. Katika mlingano mmoja mashuhuri wa Hawaii hulia D, G, D, G, B, D. Nyuzi tatu tu zimelegezwa, lakini mambo yamegeuka! Piga zote bila kuzishika, nazo zapatana zenyewe. Kidole gumba huzivumisha nyuzi nene, na mkono wa kushoto, usio na kazi huko tena, huwa huru kuufuata wimbo katika nyuzi nyembamba. Ukilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote penye chuma cha tano cha shingo, wapata mapatano ya C. Penye cha saba, ya D.

Hasara ipo. Katika nyuzi zile tatu, kila sauti uliyoizoea imesogea vyuma viwili mbele, hata vidole vyapotea njia. Na uzi uliolegea, ukipigwa kwa nguvu, hugonga vyuma ukatatarika.

Tena mzee aliyefariki bila kurithisha alikwenda na mlingano wake. Mwaka 1973 Keola Beamer alitoa kitabu cha kufundisha mtindo huo, na kwa maoni yangu alitenda vyema.

Mwenye gitaa karibu naye na ajaribu. Uzi wa sita na wa kwanza ailegeze hata ikubaliane na wa nne, mmoja kwa sauti ya chini, mmoja kwa ya juu. Na wa tano ukubaliane na wa tatu. Wa pili asiuguse. Kwaherini.