UKAIDI HUTUZUIA KUKUA KIROHO

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wazee wa makanisa katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambini Nyarugusu)



Tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1996, siku kama ya leo tumezoea kukumbuka mabaya tuliyotendewa. Leo tumeonelea tuseme juu ya kosa letu wenyewe, yaani ukaidi.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5, tunasoma habari za Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu. Alikuwa mtu mkubwa, lakini mwenye ukoma. Habari ya kupona aliipata kwa nani? Kwa msichana mdogo aliyetekwa katika nchi ya Israeli, mtumishi wa mke wake. Mtoto huyo alitolewa kwao kwa nguvu, kama sisi. Naamani akafunga safari na fedha, dhahabu na mavazi. Nabii Elisha hakutoka hata nje kumpokea. Alituma mjumbe tu, kwamba akaoge mara 7 katika mto Yordani. Naamani akakasirika, akasema mito ya Dameski ni bora zaidi, akageuka kwenda zake na ukoma wake. Watumishi wake walimsihi kwa upole. Aliposhuka mtoni, akatakasika.

Wapendwa, mkaidi si lazima awe mtu asiyesali. Sisi tulikuwa tunasali. Hata hivyo, makanisa yetu mawili yalikaa miezi 8 bila ushirika kwa sababu ya zamu ya bomba la maji. Kila upande ulingoja mwenzake aje kwanza kuomba msamaha. Kwaya zikaacha kutembeleana. Msiba ulipotupata, wenzetu hawakufika matangani. Walipofiwa wao, nasi hatukwenda.

Ndipo dada mmoja kijana, mwalimu wa shule ya Jumapili, akasimama kikaoni akasema: "Baba zetu, kila Jumapili mnamwomba Mungu atufungulie njia ya kurudi nyumbani. Mbona njia ya kwenda kwa jirani mmeifunga wenyewe?"

Tulimkemea, tukasema mtoto hafundishi wazee. Lakini neno lake lilitunyima usingizi. Wiki iliyofuata wazee wetu 6 walikwenda kwa wenzetu, wakaomba msamaha bila kueleza nani alianza. Wenzetu nao wakakiri ya kwao. Zamu ya bomba ikapangwa upya siku ile ile, na waliopanga ni akina mama wanaochota.

Tumejifunza kwamba Mungu humtuma hata aliye mdogo. Tena, kukua kiroho huonekana katika kupokea maonyo, wala si katika urefu wa sala. Naye Naamani hakuoga mara moja tu. Kiburi hakitoki kwa siku moja, na sisi bado tunashuka mtoni.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituona tumekuwa wagumu, mtusihi kwa upole kama watumishi wale. Nasi tukileta neno ofisini, msitazame kwanza cheo cha aliyelileta.