Kujulikana Katika Mtandao: Neno kwa Wafanyabiashara na Vijana wa Kanda ya Dhahabu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na mwenzetu ambaye ni Afisa Biashara wa halmashauri)



Katibu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya maendeleo ya biashara mkoani. Mada hiyo ni kubwa mno kwa dakika ishirini nilizopewa. Nimeomba kwa hiyo niifinye, nizungumzie jambo moja tu: namna duka, karakana, shamba au shule inavyoweza kupatikana pale mtu aliye mbali anapoandika swali katika simu yake. Wenye taaluma huiita kazi hii kuboresha nafasi ya tovuti katika injini za utafutaji. Ni tawi moja la elimu pana ya kutafuta soko kwa njia ya mtandao. Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mtumishi wa serikali niliyesomea biashara chuo kikuu, na kazi yangu ya kila siku ni leseni na malalamiko ya wafanyabiashara. Nitalisema jambo hili kwa jicho la sokoni, na vijana wa kompyuta watanisahihisha wakati wa maswali.

Kwanza, kwa nini lituhusu sisi? Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Kwa miaka ile kumi na miwili wako watu waliouza nyama, sare za kazi, mbao, vipuri na huduma za usafiri, na mteja wao mkubwa alikuwa mmoja, naye alipatikana getini. Geti lilipofungwa, nilipokea ofisini wafanyabiashara ambao bidhaa zao zilikuwa nzuri, mahesabu yao safi, kodi zao zimelipwa, lakini hakuna mtu nje ya wilaya aliyejua kwamba wapo. Mgodi wa Geita ulioanza mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu wa mwaka 2001 bado inazalisha, na Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Hilo ni jema. Lakini dhahabu haioti tena kama pamba, na anayeuzia mgodi leo hana budi kujiuliza kesho atamwuzia nani.

Nitoe mfano wa karakana moja ya Kahama inayotengeneza makarasha ya kusagia mawe ya wachimbaji wadogo. Mwenyewe alikuwa na tovuti. Alikuwa amemlipa kijana wa mjini fedha si haba, akatengenezewa ukurasa wenye picha kubwa ya machweo ya jua, jina la kampuni, na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba kampuni yake ni bora na inajali wateja. Basi. Mahali popote katika ukurasa ule hapakuwa na neno karasha. Bei zilikuwamo, lakini zilikuwa zimepigwa picha kutoka kwenye bango la ukutani.

Hapo yafaa tueleze mashine hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi wanadhani ukiandika swali Google inakimbia duniani kote kutafuta jibu. Sivyo. Mashine imekwisha zunguka zamani. Inasoma ukurasa mmoja, inafuata viungo vilivyomo kwenda ukurasa mwingine, na yale inayoyasoma inayaweka katika faharasa kubwa mno. Ukiuliza, inafungua faharasa, si dunia. Ni kama maktaba yetu hapa shuleni: kitabu ambacho mkutubi hakukiingiza kwenye daftari lake kipo rafuni, lakini aulizaye haambiwi kwamba kipo. Na mashine husoma maandishi kwa wepesi na uhakika kuliko inavyosoma picha ya maandishi. Ukurasa wa ndugu yetu wa Kahama ulikuwa umeingizwa daftarini kama ukurasa juu ya ubora na kujali wateja. Nani huandika hayo katika simu anapotafuta karasha?

Tulikaa naye meza moja tukaorodhesha maswali ambayo wateja humuuliza kwa mdomo. Karasha la injini ya dizeli ni bei gani? Gololi za karasha zinapatikana wapi? Karasha linasaga mifuko mingapi kwa siku? Mnasafirisha hadi wapi? Kila swali akaliandikia ukurasa wake kwa Kiswahili cha kawaida, jina la ukurasa likiwa ndilo swali lenyewe, na jibu akaliweka katika mistari ya kwanza kabla ya sifa zozote. Picha za machweo zikatolewa, maana ziliufanya ukurasa uchelewe kufunguka, na mchimbaji aliye Mwakitolyo au Nyarugusu mwenye bando la kuhesabu hawezi kungoja. Haikuwa kazi ya siku moja. Miezi ilipita bila simu hata moja, na mkewe akamwuliza kama bado anaendelea na mambo ya yule afisa. Kisha wakaanza kumpigia watu wa Chunya, ambako hajapata kufika maishani mwake. Hakutajirika, lakini sasa ana wateja ambao hawapiti getini kwa mtu yeyote.

Nimekaa sana juu ya karakana hii kwa sababu ndani yake mna karibu elimu yote. Jambo kubwa ni maneno. Mfanyabiashara hupenda kuandika maneno anayojipambia, lakini mteja hutafuta kwa maneno anayosemea. Chukueni michembe. Mama zetu hukatakata viazi vitamu vibichi na kuvianika, ikawa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, ni matobolwa. Msukuma aliyeko Dar es Salaam ambaye moyo umemrudi nyumbani hataandika viazi vitamu vilivyokaushwa kwa teknolojia ya kisasa. Ataandika michembe. Anayeuza michembe na kuona haya kuiita michembe amejificha mwenyewe.

Vivyo hivyo majina ya mahali. Mwaka 2012 ilipozaliwa mikoa mipya, Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga zikaingia Simiyu. Bukombe na Mbogwe nazo zikaenda Geita. Mpaka leo naona anwani za biashara zilizobaki katika mkoa wa zamani. Mtu atakayetafuta kwa jina la sasa hawaoni, na dereva wa mizigo anapotea. Tena jina Geita Gold ni la mgodi na pia lilikuwa la timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2021, ambayo mshambuliaji wake George Mpole aliibuka mfungaji bora wa msimu ule wa kwanza. Duka linalojiita Geita Gold Spea litabaki nyuma ya mgodi na nyuma ya mpira hata likiandika nini. Chagueni jina ambalo halina wenyewe.

Jambo la pili ni viungo. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, walichukua desturi ya wasomi: andiko linalotajwa na maandiko mengi ya maana huhesabiwa kuwa la maana. Ukurasa unaotajwa na kurasa zenye heshima hupewa uzito. Watu walipoligundua hilo wakaanza kuuziana viungo kama tiketi za mpira, na Google ikawa inawashusha waliofanya hivyo, hasa kuanzia mwaka 2012. Nawaambia haya kwa sababu wapo vijana wanaopita maofisini wakiahidi kumpandisha mtu hadi nafasi ya kwanza kwa wiki moja. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna awezaye kutoa dhamana hiyo. Anayeitoa, mwonyesheni mlango kwa heshima. Njia ya halali ni ndefu zaidi: kutajwa na chama chako cha wafanyabiashara, na gazeti lililoandika habari zako, na mteja uliyemhudumia vizuri. Matangazo ya kulipia ni jambo jingine. Yana alama yake, unalipa kwa kila anayebofya, na siku fedha inapokoma nawe unatoweka. Yana faida wakati wa msimu. Hayawezi kuwa msingi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifike kwenye lile linaloniumiza. Tukinyamaza mtandaoni, nafasi yetu haibaki tupu. Mgeni aliyeko Dubai au Guangzhou akitafuta namna ya kununua dhahabu ya Tanzania, miongoni mwa wale wa kwanza kujitokeza mbele yake ni matapeli. Watamwahidi kilo kadhaa kwa bei ya chini ya soko la dunia, watamwonyesha picha za vipande vya manjano na hati zenye mihuri, watamwomba atangulize fedha za kodi au za usafirishaji, na baada ya hapo simu haipokelewi. Jina la Geita na la Kahama ndilo chambo. Hebu tufikiri: dhahabu inauzwa sokoni siku yoyote kwa bei inayofuata soko la dunia, kwa nini mtu mwenye akili amwuzie mgeni asiyemjua kwa hasara?

Utaratibu halali upo, nao si siri. Soko la madini la Geita, lililokuwa la kwanza nchini, lilizinduliwa Machi 2019, na masoko mengine yakafuata mikoani. Mnunuzi mwenye leseni huingia sokoni, madini hupimwa mbele ya maofisa wa Tume ya Madini, mrabaha hulipwa, karatasi zinatoka. Sisi tunaoishi hapa tunaujua utaratibu huo kama tunavyojua njia ya kwenda stendi. Lakini ni wafanyabiashara wangapi wa madini wenye leseni wameuandika waziwazi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, katika ukurasa wenye anwani yao? Tapeli anaandika kila siku kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Mkweli anasema watu wananifahamu. Wanakufahamu mtaani kwako, ndugu yangu. Dubai hawakufahamu.

Mtanijibu kwamba biashara zenu zipo kwenye makundi ya WhatsApp. Nami nipo katika makundi hayo, mengine nimeingizwa bila kuulizwa. Yana kazi yake, hasa kwa wateja mlio nao tayari. Lakini kilichoandikwa ndani ya kundi hakisomwi na injini ya utafutaji, na kile unachokiweka kwenye status kinafutika baada ya saa 24. Maarifa mengi ya kanda hii, namna ya kupambanua mawe, bei za mashudu, dawa za ng'ombe, mahali pa kupata mbegu za pamba, yamefungiwa humo kama nafaka katika ghala lisilo na mlango. Siku hizi zimetokea pia mashine za kujibu maswali, ile ya ChatGPT ikiwa imetolewa mwishoni mwa mwaka 2022. Nazo hufundishwa kwa yale yaliyoandikwa hadharani. Ziulizeni juu ya vijiji vyetu mwone zinavyobabaika.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza, sitawatajia vyuo vya gharama. Google ina mwongozo wake wa wanaoanza, unasomwa bure. Ina chombo kiitwacho Search Console, bure pia, kinachomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani watu waliandika hadi wakaiona, na Google Trends inayoonyesha watu wanatafuta nini kwa majira gani ya mwaka. Mwenye gereji au nyumba ya wageni anaweza kuiandikisha biashara yake katika ramani ya Google bila malipo na bila hata kuwa na tovuti. Aweke saa za kufungua, picha za kweli, na ajibu malalamiko ya wateja kwa adabu. Anza na kazi ya mjomba au shangazi. Andika tarehe uliyoanza, andika simu ngapi zilikuja kabla na ngapi baada, na daftari hilo ndilo litakalokuombea kazi. Kiingereza kitahitajika, kwa hiyo msimkimbie mwalimu wa somo hilo. Na kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali sina budi kusema na hili: kukusanya namba za watu na kuwamwagia ujumbe wasioutaka si kutafuta soko. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zisomeni.

Namalizia na shule yetu. Juzi nililiandika jina lake katika simu. Nikapata majedwali ya matokeo ya mitihani, ramani, na ukurasa mmoja unaosema shule ilianzishwa mwaka ambao si wenyewe. Hakuna historia yake, hakuna majina ya wakuu wa shule waliopita, hakuna habari ya bwawa tulilochimba wala ya bendi ya shule. Mzazi wa Chato au Kishapu anayetaka kujua mtoto wake anapelekwa wapi haambiwi lolote.

Nimezungumza na Ndugu Mkuu wa Shule, naye amekubali. Gharama ya jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa miaka miwili nimeilipa mimi na wenzangu watatu wa darasa letu. Kinachokosekana ni maandishi. Kidato cha Tano watapita kwenu leo baada ya chakula, wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Waelezeni mwaka mlioingia, bweni mlilolala, na walimu waliowafundisha. Wenye picha za zamani wazikabidhi kwa Katibu, na nyuma yake waandike majina ya waliomo kwa kalamu ya risasi. Mwalimu wa Historia atahakiki miaka kabla ya kuchapisha.

 Sasa niko tayari kwa maswali.