Kipimajoto Katika Mfuniko wa Pipa la Samaki

(Mazungumzo ya kikundi cha wabanika samaki mbele ya wanakisomo wenzao)



Sisi tunakaa ufukoni mwa Ziwa Victoria. Kazi yetu ni kukausha sato na sangara kwa moshi. Tunatumia pipa lenye moto chini, wavu katikati na mfuniko juu. Leo tunataka kuwaeleza jinsi tulivyotia kipimajoto katika mfuniko huo.

Zamani tulipima moto kwa mkono. Mama mmoja mzee wa kikundi chetu aliweka kiganja juu ya mfuniko, akasema, "Umetosha," au, "Ongezeni kuni." Tulimwamini, kwa kuwa amebanika samaki tangu usichana wake. Lakini siku moja tulipeleka matenga mawili sokoni. Samaki walikuwa wekundu wa kupendeza. Kumbe ndani, karibu na mfupa wa mgongo, walikuwa wabichi! Siku ya tatu walinuka, wakatoka funza. Tuliwamwaga wote shimoni, na fedha za watu tukazirudisha. Yule mama alilia. Tulimwambia, "Bibi, kosa si lako. Mkono unajua moto wa nje tu, haujui joto la ndani."

Basi tulinunua kipimajoto cha chuma. Kina uso kama wa saa, mshale, na kijiti nyuma. Ndani ya kijiti mna utepe wa metali mbili zilizogandamana. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko nyingine, utepe hujipinda na mshale huzunguka. Msitumie kile cha kioo cha kupimia homa! Kile huishia nyuzi 42 tu, nacho kitapasuka.

Kwanza tulikijaribu. Tulichemsha maji, tukatumbukiza kijiti bila kugusa sufuria, tukangoja mshale utulie. Wengi wanajua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli huko pwani. Ziwa letu liko kama meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kipimajoto chetu kilionyesha 90. Kwa hiyo kinapunja nyuzi 6. Hatukukitupa. Tuliandika kwa rangi juu ya mfuniko: ONGEZA 6.

Sasa basi, kukifunga. Ngojeni pipa lipoe kabisa. Chagueni mahali pasipo karibu na tundu la moshi wala ukingoni. Pigeni alama kwa msumari, ili keekee isiteleze. Toboeni tundu linalotosha kijiti tu, maana likiwa kubwa joto litatoka. Laini kingo kwa tupa, zisije zikawakata. Pitisheni kijiti, kisha kazeni nati kwa ndani. Ncha ya kijiti ifike karibu na samaki, lakini isiguse samaki wala wavu. Joto la juu chini ya mfuniko si sawa na joto la pale samaki walipo. Kama kijiti ni kifupi, ni heri kutoboa ubavuni mwa pipa, vidole viwili juu ya wavu.

Namna ya kukitumia ni hii. Tunaanza na moto mdogo, ngozi ikauke. Halafu tunapandisha mpaka nyuzi 50, samaki waingiwe na moshi. Mwisho tunafika nyuzi 80, nyama iive. Mshale wetu ukisoma 74, tunajua ni 80.

Lakini angalieni: kipimajoto hiki hupima hewa ya ndani ya pipa, hakipimi samaki. Nyama ya ndani inatakiwa ifike nyuzi 63 na kukaa hapo nusu saa. Samaki mnene huchelewa kuliko mwembamba. Kwa hiyo bado tunampasua mmoja, yule mnene kuliko wote, tutazame mgongoni. Akiwa mbichi, wote wanarudi motoni. Na kila baada ya kazi tunafuta masizi kwenye kijiti, kwa sababu masizi huchelewesha mshale.

Je, yule bibi yetu? Alijifunza kusoma namba darasani, uzeeni. Sasa yeye ndiye mlinzi wa kipimajoto. Anasoma mshale, anajumlisha 6, anaandika katika daftari saa na joto. Mkono wake bado tunauhitaji, maana ndio unaojua kuni ipi ni kavu na ipi ni mbichi. Lakini sasa mkono na daftari vinafanya kazi pamoja.

Ndugu zetu, namba tulizojifunza si za ubaoni tu. Kuuliza si ujinga. Mwenye swali na aulize.