Neti ya Bustani: Ipi Inazuia Wadudu, na Ipi Ibaki Kitandani

(Muziki wa kufungua kipindi. Ushushwe taratibu mtangazaji anapoanza.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia neti ya kufunika matuta ya kuinuliwa na bustani za magunia ili wadudu wasiimalize mboga kabla yetu. Ukiwa na pesa kidogo, au huna kabisa, uchague neti gani?

Tuanze na jambo zito kuliko yote. Neti inayokuja haraka akilini ni chandarua cha mbu, kwa kuwa kipo nyumbani na hakikununuliwa. Ndugu msikilizaji, chandarua kinachofaa kulalia kisiondoke kitandani. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mama wajawazito. Mchicha ukiliwa na viwavi, utapanda mwingine na kuvuna baada ya wiki chache. Malaria kali kwa mtoto haisubiri hata siku 2.

Kuna sababu nyingine. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi kwa kawaida vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo imekusudiwa kumlinda mtu anayelala ndani yake, haikukusudiwa kugusana na mboga tunazokula. Chandarua kikitoboka, kishone. Kikichakaa kabisa, na kila mmoja nyumbani ana kipya cha kulalia, muulize kwanza mhudumu wa afya wa eneo lako kama kinaweza kutumika kwa kazi nyingine. Usikioshe mtoni wala ziwani, kwa sababu dawa yake huua samaki.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuchague neti ya bustani. Usiulize kwanza bei. Uliza: ni mdudu gani anayenisumbua? Tundu la neti ndilo linaloamua nani aingie na nani abaki nje.

Kwenye kabichi na sukuma wiki, adui mkubwa ni viwavi wa nondo mdogo wa kijivu, mwenye urefu usiofika sentimita 1. Kwenye nyanya kuna nondo mwingine mdogo, ambaye wakulima wa Tanzania wanamwita kantangaze. Kwenye mchicha, au lengalenga kama wengi wenu mnavyouita, kuna viwavi wanaokunja majani, na panzi. Hawa wote huzuiwa na neti yenye matundu ya kama milimita 1.

Huna rula? Chukua punje za ulezi, uzimwage juu ya neti na kuitikisa kidogo. Zikibaki juu, nondo hao hawatapita. Zikidondoka zote, tafuta neti nyingine.

Inzi weupe ni wadogo zaidi. Ndio wanaoeneza ugonjwa wa nyanya unaofanya majani yajikunje na kuwa ya njano. Wao hupita kwenye tundu la milimita 1 bila shida. Kuwazuia unahitaji neti laini sana, ambayo hata chumvi laini hupita kwa taabu. Lakini neti hiyo hupunguza upepo, na joto huongezeka ndani. Mahali penye jua kali kama Kakuma, mboga inaweza kunyauka. Kwa hiyo, kama shida yako ni viwavi na panzi, usinunue neti laini kuliko unavyohitaji.

Je, neti nyeusi ya kivuli? Hiyo hupunguza jua. Nyingi zina matundu makubwa, na nondo hupita. Kama huwezi kununua neti yoyote, tafuta kwenye mitumba pazia jepesi jeupe, lile unaloweza kuona mwanga kupitia kwake. Lipime kwa ulezi vilevile. Kitambaa kizito kama kitenge hakifai, kwa sababu mboga haitapata mwanga.

Ukishapata neti, ifunge vizuri. Pinda fito au waya juu ya tuta, ili neti isiguse majani. Ikigusa, mdudu hutaga mayai akiwa nje. Kwa tuta lenye upana wa mita 1 na fito zenye kimo cha nusu mita, neti iwe na upana wa mita 2 na robo, ili pande zote mbili zibaki sentimita 30 za kufukia kwa udongo. Kwa bustani ya gunia, simamisha miti mirefu kuliko mboga, funika, kisha funga kwa kamba chini ya gunia. Angalia na matundu ya pembeni yenye miche: nayo yawe ndani ya neti.

Funika siku ileile unayopanda miche, lakini kwanza geuza kila jani na kuangalia chini yake. Ukifunika vidukari pamoja na miche, umewajengea nyumba: wadudu wema wanaowala watabaki nje, nao watazaana kwa amani. Sota, yule kiwavi anayekata miche usiku, hujificha udongoni. Geuza udongo na kumtoa kabla ya kufunika.

Maji unaweza kumwagilia juu ya neti. Palizi fanya haraka, kisha funika tena. Maboga, matango na matikiti yakianza kutoa maua, fungua neti ili nyuki waingie, la sivyo hutapata matunda.

(Muziki upande polepole.)

Kwa kifupi: chandarua kinachofaa kulalia kibaki kitandani. Mjue mdudu wako, kisha pima neti kwa ulezi. Na neti ifukiwe pande zote, maana upenyo mmoja unatosha kuharibu kazi yote.

Kama mko majirani 3 au 4 wenye matuta karibu, changeni mnunue kipande kirefu pamoja, mgawane. Mazungumzo yajayo yatahusu mbolea ya majivu na mabaki ya jikoni. Hadi wakati huo, mboga zenu zistawi, na watoto walale salama. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)