Ordinateri ilikufa, orodha ilibaki

Mulituuliza kama orodha ya michango ya matanga imepotea. Haikupotea. Tueleze.

Tulikuwa tunabadilisha BIOS, ile programu ndogo yenye kuamsha ordinateri, na umeme ukakatika katikati ya kazi. Ekrani ikabaki nyeusi, ventilateri inazunguka tu. Wengine wakasema: "Imekufa, tununue ingine." Tukakataa. BIOS inakaa katika kidude cheusi cha miguu munane. Orodha yetu inakaa katika disiki. Ni nyumba mbili.

Tukatoa waya ya umeme na batri. Tukaangalia namba ya kidude, kwa sababu kingine kinataka volti 3.3, kingine 1.8 tu, ukikosea, unaweza kukichoma. Tukakishika na koleo ya CH341A, mashini ndogo ya kuandikia, yenye tuliunganisha na ordinateri ingine. Mbele ya yote tukasoma yenye ilikuwa ndani, tukaweka kopi, maana namba ya mashini inaweza kuwa humo. Kisha tukaandika BIOS ya modeli yetu yenyewe, tukahakikisha. Ikawaka.

Kosa lilikuwa letu. Hapa Kisangani, nani anaanza kazi kama hii bila onduleri? Tena orodha ilikuwa fasi moja tu. Sisi wenye kurudi tunajua kukimbia na kuacha karatasi nyuma ni nini. Tangu leo, kopi moja kwenye kle ya USB, ingine kwenye kaye ya mama mutunza-feza. Kila mutu aje aangalie jina yake.